Msituombe Majina Matano Kabla ya Ijumaa

"Watu hawajitokezi." Neno hilo nimelisikia kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili chetu cha Goma. Wafanyakazi wa mashirika hulisema wakiandika ripoti. Wazee wa kamati hulisema wakieleza kwa nini wao wenyewe wamekalia kiti mwaka wa saba sasa. Na kila anayelisema hutikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kupima mgonjwa: jamii imechoka, jamii imezoea kupewa, jamii haina viongozi. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wenye faida kwa watu fulani.

Naandika kutoka Rubona, kwenye ghuba iliyo kusini ya Gisenyi, pale ambapo kiwanda cha Bralirwa kimepika bia tangu miaka ya 1950 na mitumbwi ya sambaza hutoka kila jioni. Nimekulia Kiziba, ile kambi iliyofunguliwa 1996 juu ya mlima upande wa Karongi. Sasa nimepanga chumba huku, nanunua sambaza alfajiri na kuwauza mchana. Sina cheti cha uongozi. Nina miaka mingi ya kukaa kwenye mikutano, wakati mwingine mbele, mara nyingi nyuma, na mara nyingi zaidi nje ya mlango nikisubiri muhuri.

Tuanze na namna tunavyoombwa. Jumatano mchana gari linafika. Anashuka afisa, kijana mwenye adabu, anaonekana amechoka. Anamwambia mwenyekiti: tunahitaji watu watano wa kujitolea kwenye kamati mpya ya usafi (au maji, au ulinzi wa watoto, jaza mwenyewe), wawili wawe wanawake, mmoja kijana, wote wajue kuandika, na majina yafike ofisini kabla ya Ijumaa. Alhamisi asubuhi megafoni inalia. Wanaokuja ni wale wasio na kazi saa hiyo. Mama aliye kwenye foleni ya maji haji. Aliyekwenda kulima shamba la mtu ili alipwe jioni haji. Anayemwuguza mama mkwe wake haji. Mwenyekiti anauliza, nani anataka kujitolea? Kimya. Anauliza tena. Kimya. Halafu anasimama yule yule wa siku zote, anakohoa kidogo, anasema kama hakuna mwingine basi yeye atasaidia. Watu wanapiga makofi, maana jua ni kali na wanataka kurudi nyumbani.

Ijumaa majina yamefika. Ripoti inaandikwa: jamii imechagua wawakilishi wake.

Sasa, kile kimya kimetafsiriwa vibaya. Kwetu, mtu anayejinyoshea mkono mwenyewe mbele ya watu huangaliwa mara mbili: huyu anatafuta nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tulivyofundishwa. Mtu mwenye heshima zake hungoja aambiwe. Ukija na megafoni ukauliza nani anajiona anafaa, umeshawafukuza wote wenye haya, umebaki na wale wasiokuwa nayo. Hukutafuta viongozi hapo. Umechuja mchele, ukamwaga mchele, ukabaki na chujio.

Matokeo yake tunayajua kwa majina, ila sitawataja. Mtu mmoja yuko kamati ya maji, kamati ya shule, kamati ya usalama, kikundi cha kupinga ukatili wa kijinsia, na bado ni mweka hazina wa kwaya. Kila fulana ya shirika anayo. Si lazima awe mtu mbaya. Wengine ni watu wazuri sana ambao wamekaushwa kabisa. Wake zao wanalalamika, watoto hawamwoni baba. Lakini akiwa mzuri au akiwa mwizi, yeye ndiye mlango wa pekee, na mlango wa pekee hata ukiwa wa dhahabu utasababisha msongamano.

Niwape mfano wa wale wanaofanya kazi kweli na wale wanaosimama. Tarehe 22 Mei 2021 usiku Nyiragongo ililipuka. Mliokuwa Goma mnakumbuka anga lilivyokuwa jekundu. Watu walivuka mpaka kuja Gisenyi usiku ule ule, na wengine zaidi wakaja siku tano baadaye, tarehe 27, gavana alipoamuru mitaa 10 ya mji ihamishwe. Watoto walipotea njiani. Penye kundi moja nililoliona, mama mmoja muuza mandazi aliwakusanya watoto wasio na mtu, akawakalisha chini ya mti mmoja, akamwita kijana mwenye kalamu akamwambia: "Weye andika majina, baba na mama yao, na mtaa wao." Akamtuma kijana wa pili azunguke akiyaita yale majina. Akamkabidhi msichana mmoja kazi ya kuwapeleka chooni wawili wawili. Hakuuliza nani anataka. Alimwangalia mtu usoni, akampa kazi moja. Mpaka mchana watoto wengi walikuwa wamepata wazazi.

Halafu wakaja wageni wenye vizibao. Swali lao la kwanza: mwenyekiti wenu ni nani? Mwanamume mmoja mwenye koti, aliyekuwa amelala muda wote, akasimama. Wakaandika namba yake ya simu. Yule mama aliendelea kumfuta mtoto kamasi.

Sisemi wale wageni walikuwa na nia mbaya. Nasema swali lao lilikuwa bovu. Wangeuliza "hii orodha ya watoto nani ameitengeneza?" wangepelekwa moja kwa moja chini ya mti.

Na kama mtu anaona haya ni mambo madogo ya koti na mandazi, basi arudi nyuma kidogo, kilomita chache tu kutoka hapa nilipo, ng'ambo ya mpaka. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu waliingia Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwa wiki chache. Mashirika yalihitaji kugawa chakula haraka, wakauliza lile lile swali: viongozi wenu ni nani? Waliosimama ni wale waliokuwa wakubwa wa komini na wa jeshi huko walikotoka, na kati yao walikuwamo waliopanga na kuongoza mauaji ya kimbari. Wakapewa orodha za chakula. Mwenye orodha ya chakula ndiye serikali ya kambi, kila mkimbizi anajua. Waliongeza idadi ya watu, wakauza ziada, wakatisha waliotaka kurudi kwao. Ilipofika Novemba mwaka ule ule, Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka kwenye kambi hizo, wakisema hawawezi kuendelea kuwalisha wenye kuwashikilia wengine mateka. Raia wa kawaida ndio waliobaki na njaa na hofu. Silinganishi mwenyekiti wangu wa maji na watu wale, Mungu apishe mbali. Nalinganisha swali. Ukiwa na haraka na ukauliza nani mkubwa, mkubwa atajibu.

Basi viongozi wanapatikanaje? Niwaonyeshe kitu hapa Rubona ambacho hakuna shirika lililokifundisha.

Mitumbwi ya sambaza ya Kivu huenda mitatu mitatu. Inafungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama mapembe, nyavu inakaa katikati, taa zinawashwa usiku ili samaki waje kwenye mwanga. Wanaume wanapiga makasia kwa pamoja wakiimba na kupiga miluzi. Ukiwa ufukweni jioni unawasikia kabla hujawaona. (Tena sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ziwa zima linawategemea. Huwa nawaambia wateja wangu wa Kinyarwanda kwamba mgeni akipewa nafasi hufaa. Wanacheka, lakini wananunua.)

Kijana mmoja ninayemfahamu alikuja ufukweni bila kujua lolote. Msimu wake wa kwanza alikuwa akikomba maji ndani ya mtumbwi na kukunja kamba, basi. Hakuna aliyempa cheo. Walipoona kamba zake hazijifungi ovyo, wakampa kasia, akiwa amekaa nyuma ya mtu mzima ili aige mkono wake. Baadaye wakampa kazi ya taa. Halafu kuna yule anayeanzisha wimbo. Huyo ni mtu mkubwa, maana wimbo ndio mwendo: akiharakisha, wanachoka kabla hawajafika, akichelewesha, wimbi linawapiga ubavuni. Usiku mmoja mwanzishaji wao alikuwa na mafua. Hakuitisha mkutano. Alimgeukia yule kijana akamwambia, "Leo anza wewe." Kijana akaanza, akakosea mwendo, wakamcheka, mzee akamgongea mwendo kwa kasia, akaendelea. Siku hizi kuna usiku anaimba mzee na kuna usiku anaimba yeye. Na mzee hajapungukiwa na kitu. Amepata kupumzisha koo.

Angalieni yaliyomo hapo. Alionwa kwanza akifanya kazi. Aliambiwa yeye, kwa jina lake, na mtu anayemheshimu. Kazi ilikuwa ndogo na ilikuwa na mwisho: usiku mmoja. Aliyekuwa na kazi hiyo alibaki karibu wakati mwingine anajifunza. Alipokosea hakufukuzwa. Hayo yote hayaingii kwenye semina ya siku mbili yenye chai na maandazi ambapo mtu aliyetoka Kigali anachora mviringo ubaoni na kuandika "sifa za kiongozi bora". Nimekaa kwenye hizo semina. Sifa za kiongozi bora nazijua kwa moyo: awe mwaminifu, mvumilivu, asikilize. Hata mtoto wa darasa la tatu angezitaja. Ambacho sijawahi kufundishwa semina ni jinsi ya kufungua mkutano wakati watu wawili wa mstari wa mbele wamegombana tangu jana, au jinsi ya kuandika jina la mtu aliyekosa jetoni bila kumwaibisha. Hayo unajifunza ukiwa umekaa pembeni ya anayejua.

Nitapingwa. Nitaambiwa: ukiacha watu waitane mmoja mmoja, kila mtu atamwita ndugu yake, mtu wa kabila lake, mtu wa kanisa lake. Ni kweli, na sisi wa Kivu tunajua jambo hilo linaweza kufika wapi. Lakini megafoni inazuia hilo kwa namna gani? Kamati zetu za kunyosha mkono zimejaa mashemeji. Dawa ninayoijua ni kugeuza mpangilio: kazi kwanza, kura baadaye. Waacheni watu kumi na watano wafanye vikazi vya miezi miwili mitatu, kila mmoja chake, mbele ya macho ya majirani. Huyu anafungua bomba saa kumi na mbili asubuhi. Huyu anapita kwa wazee wa mstari wake kuuliza nani hakuamka vizuri. Huyu anaweka daftari la vifaa vya msiba, viti, masufuria na shitingi ya kukalia. Halafu pigeni kura. Watu watakuwa wanachagua kati ya vitu walivyoviona, na shemeji aliyelala hataweza kujificha nyuma ya ukoo.

Na aombaye awe na maneno ya kweli. Tofauti ya "tunahitaji watu wa kujitolea" na "Mama, nimeona wiki hii yote ndiwe unayepanga ndoo wanapoanza kusukumana; utaweza kunisaidia bombani asubuhi za Jumatatu na Alhamisi mpaka mwisho wa mwezi?" ni kubwa kuliko tofauti ya Kifaransa na Kichina. Nilikuwapo Kiziba mama mmoja alipoombwa hivyo. Jibu lake la kwanza: "Miye? Miye sikusoma." Aliyemwomba akasema, "Ndoo hazisomwi." Mama akacheka, akakubali. Kabla ya msimu wa mvua kuisha alikuwa ndiye watu wanayemwendea bomba likiharibika, na mjukuu wake akawa karani wake. Kwenye megafoni mama yule asingeinua mkono hata mara moja mpaka anaingia kaburini, na orodha ya Ijumaa isingempokea, maana ilidai "wajue kuandika".

Likelemba zetu zinalijua hili tangu zamani. Wamama kumi wanachanga kila wiki, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Wanyarwanda wana ikimina, Wakenya wana chama. Mashirika nayo yana vikundi vyao vya kuweka na kukopa, mtindo ulioanzishwa na CARE kule Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika nzima mpaka huku kwetu. Mnalifahamu lile sanduku: lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Watu wengi wanadhani ile ni dawa ya wizi tu. Mimi naona zaidi. Mwenye ufunguo hana hotuba ya kutoa. Kazi yake ni kufika. Lakini asipofika, kikao hakifunguki, kwa hiyo kila juma watu ishirini wanamhitaji, na yeye anajua wanamhitaji. Nimeona mwanamke mnyamavu sana akianzia kwenye ufunguo, mwaka uliofuata akawa mhesabu fedha, wa tatu akawa mwenyekiti. Sasa mbona kikundi hicho hicho kikiwa ndani ya sanduku la pesa kinajua kugawa madaraka kwa watu wanne, lakini kamati ya kambi nzima inampa mtu mmoja muhuri, daftari, ufunguo wa ghala na namba ya simu ya afisa?

Tuseme na la pesa, maana bila hilo nitaonekana naimba. Neno "kujitolea" limechafuliwa. Kuna kazi za saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, za kutafsiri, kupima watoto, kugonga milango, ambazo anazifanya mkimbizi kwa "motisha" ndogo, meza moja na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi isiyozidi hiyo. Hiyo ni ajira ya bei rahisi. Iiteni hivyo, au ilipeni. Lakini na sisi wa kambini tuambiane ukweli: tumezoea kuuliza posho hata kwa kukaa kwenye kiti kusikiliza habari inayotuhusu wenyewe. Kati ya hizo mbili kuna njia, na iko hapa hapa tulipo. Rwanda ina wahudumu wa afya wa vijiji, abajyanama b'ubuzima, zaidi ya 45,000, waliochaguliwa na majirani zao. Hawana mshahara. Kazi yao imepangwa: kupima malaria na kutoa dawa, kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, kufuatilia wajawazito. Sehemu kubwa ya pesa inayotolewa kwa kazi iliyofanyika huingia kwenye chama chao cha ushirika, nao wanafuga au wanalima au wanajenga nyumba ya kupangisha. Haina ukamilifu, wenyewe hulalamika kwamba mzigo unaongezeka kila mwaka. Lakini angalia jinsi faida inavyokwenda kwa kikundi. Mtu mmoja akihama, ng'ombe hahami naye. Kwetu faida humwendea mtu, ndiyo maana kiti hakiachwi.

Kidogo kidogo vilevile mpeni aliyejitolea vitu vinavyomwezesha: mabuti kama anakwenda matopeni, tochi kama anatembea usiku, pesa ya kupiga simu kama mnamtaka apige. Kumtaka mtu ajitolee kisha anunue mwenyewe vifaa vya kujitolea ni kumtoza ushuru kwa wema wake.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Tangu 2001 UNHCR iliahidi kwamba nusu ya wawakilishi kwenye kamati za wakimbizi wawe wanawake. Nusu inapatikana kwenye karatasi. Halafu mkutano unaitwa saa nne asubuhi, saa ya kuni na maji na sufuria. Hamisheni saa. Mtu alete watoto, na pawe na wa kuwashika. Baada ya hapo ndipo mniambie wanawake hawaongei.

Kuna sababu nyingine ya kile kimya, na hii ripoti hazipendi kuiandika. Watu wanaogopa. Februari 2018, baada ya msaada wa chakula kupunguzwa kwa robo, watu wa Kiziba waliteremka mpaka Karongi kulalamika, na katika siku hizo watu wasiopungua 11 walipoteza maisha. Tangu hapo, ukimwambia mzazi wa Kiziba kwamba mwanawe ana kipaji cha kusema mbele za watu, hafurahi sana. Anajua anayesema mbele za watu ndiye anayetafutwa kwanza mambo yakiharibika. Sasa wewe unayetafuta "viongozi vijana wenye ujasiri", una kitu gani cha kumwambia mzazi huyo? Usimjibu kwa bango. Kinachoweza kumpunguzia hofu, kwa niliyoyaona, ni kazi kugawanyika kwa wengi, sauti isiwe ya mmoja, jina lisiwe moja. Kumi wakienda pamoja kumwuliza afisa swali moja, si rahisi kumchagua wa kumlaumu.

Nimefika kwenye kinachonisukuma kuandika mwaka huu na siyo mwakani. Miaka mingi kambi zetu zimepoteza viongozi kwa njia ya furaha: ndege. Mtu anakaa kwenye kamati miaka kumi, anajua kila mlango na kila ugomvi, kisha jina lake linatoka kwenye orodha ya Marekani, wiki tatu kaondoka. Tunamsindikiza kwa nyimbo. Kesho yake hakuna anayejua daftari liko wapi, deni la fundi wa bomba ni kiasi gani, nani aliahidiwa nini. Ninajua kikundi kilichokufa mwezi mmoja baada ya sherehe kama hiyo, na hakuna aliyekiua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mwezi ule ule Goma ikaanguka, watu wapya wakavuka kuja Rubavu. Mwaka huo huo misaada ikakatwa na mashirika mengi yakapunguza watu. Yule afisa kijana wa Jumatano huenda hayupo tena. Gari halipo. Megafoni iko, lakini betri zimekwisha na bajeti ya betri imefungwa. Basi ile njia ya zamani, mbovu kama ilivyokuwa, sasa haina hata wa kuiendesha. Wale wa kituo cha Nkamira, wanaofika na mtoto mgongoni bila kujua bomba liko wapi, hawawezi kungoja semina.

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika mliobaki, nina maombi yasiyohitaji mradi. Ukifika mahali, kaa bombani asubuhi tatu kabla hujaomba jina lolote. Uliza watoto: ukianguka ukaumia, unakimbilia kwa nani? Watakutajia mtu, na mara nyingi si mwenyekiti. Usiweke sharti la kuandika pale ambapo kazi haihitaji kuandika. Usidai majina kwa siku mbili. Mfadhili akikubana, mwambie ukweli, kwamba watu hawachumwi kama maembe. Na kwenye fomu yenu ya mwezi, pale mnapoandika idadi ya waliohudhuria, ongezeni safu moja: ni kazi gani mwezi huu imefanywa na mtu ambaye mwezi uliopita hakuwa anaifanya? Safu hiyo ikibaki tupu miezi mitatu, hamna kamati, mna mtu mmoja mwenye fulana nyingi.

Na nyinyi wazee wangu wa kamati, shikamooni. Najua mmebeba mizigo ambayo hakuna aliyewashukuru. Siwaombi muondoke kesho. Naomba kila mmoja amchukue mtu mmoja, si mwanawe, amkalishe pembeni yake kwenye mkutano ujao, ampe aongoze sehemu moja tu, hata ile ya kusoma matangazo, na akikosea amgongee mwendo. Kabla hamjanijibu kwamba watu hawajitokezi, nijibuni hili kwanza: usiku wa leo ufunguo wa ghala uko nyumba gani, na ukiacha mwenye nyumba hiyo, nani mwingine anajua?